Saratani ya Mapafu Iliyoenea: Utafiti Umesonga, Istilahi Zimesalia Nyuma

Neno saratani lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani aendaye upande. Kansa nayo, iliyoingia kwa njia ya Kiingereza, ina chimbuko lake katika Kilatini, na huko pia maana ni kaa. Wagiriki wa kale ndio waliouona uvimbe wenye mishipa iliyotanda pande zote wakaufananisha na kaa na miguu yake. Hivyo basi, mzee wa Lamu asemaye saratani na kijana wa Nairobi asemaye kansa wanatamka sitiari moja kwa vinywa viwili. Jambo hili huwafurahisha wanafunzi wa isimu, na ni haki yao kufurahi. Tatizo ni kwamba mazungumzo ya wengi hukomea papo hapo. Ilhali katika maabara na hospitali za ng'ambo ugonjwa wenyewe, hasa ule wa mapafu, umechambuliwa ukawa magonjwa mengi, kila moja na tiba yake, na Kiswahili hakijapata maneno yaliyokubalika ya kuyatenga.

Makala haya yanashikilia kuwa pengo hilo linawagharimu wagonjwa, na kwamba kuliziba ni kazi ya wanafunzi wa Kiswahili kuliko ilivyo ya madaktari.

Ili uzito wa dai hilo uonekane, sharti hadithi ya utafiti wenyewe isimuliwe. Saratani ya mapafu ina makundi makuu mawili: ile ya seli ndogo, ambayo huwapata takriban asilimia 15 ya wagonjwa, na ile isiyo ya seli ndogo, ambayo huwapata asilimia 85 waliosalia. Madaktari hugawa safari ya ugonjwa katika hatua nne. Hatua ya nne ni pale ambapo ugonjwa umeshatoka katika pafu lilipoanzia ukahamia ini, mifupa, ubongo au pafu la pili. Kwa kawaida kisu cha mpasuaji hakimfai tena mgonjwa wa hatua hii, kwa kuwa ugonjwa hauko mahali pamoja. Tiba yake lazima ipite katika damu na kufika kila pembe ya mwili.

Kwa muda mrefu tiba hiyo ilikuwa moja tu: dawa za kemikali zinazoziua seli zote zinazogawanyika kwa kasi, ziwe za saratani au za nywele na utumbo. Mwaka wa 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa zaidi ya 1,100 wa aina isiyo ya seli ndogo. Walilinganisha michanganyiko minne ya tibakemikali, kila mmoja ukiwa na dawa ya jamii ya platinamu. Hakuna mchanganyiko ulioupiku mwenzake. Nusu ya wagonjwa walifariki kabla ya miezi minane kwisha, na baada ya mwaka mmoja waliobaki hai walikuwa kama thuluthi moja. Njia hiyo ilikuwa imefika ukingoni.

Kilichofuata kinastahili kusomwa hata na wale wasiopenda sayansi, kwani ni kisa cha kusoma vibaya na kusoma upya. Mwaka huo huo wa 2002 Japani iliidhinisha kidonge kiitwacho gefitinibu, na Marekani ikafuata mwaka wa 2003. Kidonge hiki hakiui kila seli igawanyikayo. Hulenga kipokezi kimoja juu ya seli, kijulikanacho kwa herufi EGFR, ambacho huipa seli amri ya kukua. Matumaini yalikuwa makubwa. Kisha jaribio la wagonjwa 1,692, lililotangazwa mwishoni mwa mwaka wa 2004, likaonyesha kuwa wagonjwa wakichukuliwa kwa jumla, kidonge hicho hakikuongeza maisha kwa kiasi cha kutegemewa kuliko kidonge kisicho na dawa ndani yake. Mwaka wa 2005 Marekani ikakifungia wagonjwa wapya. Kwa hesabu ya jumla, dawa ilikuwa imeshindwa.

Ila palikuwapo wagonjwa wachache waliotatiza hesabu hiyo. Hao walimeza kidonge na uvimbe wao ukanywea upesi ajabu. Watafiti wa Boston wakajiuliza wana nini hao ambacho wenzao hawana. Katika ripoti moja ya mwaka wa 2004, uvimbe wa wagonjwa tisa walionufaika ulichunguzwa jeni zake. Wanane kati yao walikuwa na hitilafu katika jeni ya EGFR. Miongoni mwa saba ambao hawakunufaika, hakuna hata mmoja aliyekuwa nayo. Kumbe dawa haikuwa imeshindwa. Ilikuwa imepewa watu wasio wake.

Ushahidi mkubwa zaidi ulipatikana mwaka wa 2009, kutokana na jaribio lililofanywa katika nchi za Asia ya Mashariki na Kusini Mashariki likiwa na wagonjwa 1,217. Wenye hitilafu ya EGFR waliopewa gefitinibu, uvimbe ulipungua kwa asilimia 71 kati yao. Waliopewa tibakemikali, kwa asilimia 47. Wasio na hitilafu hiyo waliopewa kidonge, uvimbe ulipungua kwa asilimia moja hivi tu, ilhali tibakemikali iliwasaidia asilimia 23. Takwimu hizo zina onyo ndani yake. Dawa ile ile ni mwokozi kwa mgonjwa wa kitanda cha kwanza, na kwa mgonjwa wa kitanda cha pili ni kupoteza miezi asiyokuwa nayo. Wote wawili wameandikiwa kwenye cheti: saratani ya mapafu, hatua ya nne.

Baada ya hapo milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 2007 kundi la Hiroyuki Mano huko Japani liligundua hitilafu nyingine, ya jeni iitwayo ALK, na kufikia mwaka wa 2011 dawa yake ya kwanza ilikuwa imeidhinishwa Marekani. Dawa ya baadaye ya kundi hilo, lorlatinibu, ilitolewa ripoti mwaka wa 2024 kwamba baada ya miaka mitano asilimia 60 ya walioanza nayo walikuwa hai bila ugonjwa wao kusonga mbele. Jeni ya KRAS, ambayo kwa miongo kadhaa watafiti walisema haishikiki, ilipata dawa yake ya kwanza mwaka wa 2021. Saratani ya seli ndogo, yatima wa utafiti huu wote, ilipata mwaka wa 2024 dawa iitwayo tarlatamabu, ambayo huikamata seli ya saratani kwa mkono mmoja na askari wa kinga kwa mkono wa pili, ikawakutanisha.

Njia nyingine ni ile ya kuuamsha mwili wenyewe. Seli za kinga zina kitu mfano wa breki, kinachozizuia zisiushambulie mwili unaozibeba. Saratani imejifunza kuikanyaga breki hiyo. Dawa mpya huuondoa mguu wa saratani juu ya breki. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walioufungua mlango huo, walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka wa 2018. Katika jaribio la wagonjwa 305 lililochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 2016, wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na wingi wa protini ya PD-L1 waligawanywa mafungu mawili. Miaka mitano baadaye, takriban asilimia 32 ya walioanzishiwa pembrolizumabu walikuwa hai, dhidi ya asilimia 16 ya walioanzishiwa tibakemikali. Ikumbukwe kuwa hawa ni wagonjwa wa hatua ya nne.

Si kwamba mambo yote ni shwari. Dawa zinazolenga jeni aghalabu hufanya kazi kwa muda, kisha saratani hubuni njia ya kuzikwepa, na utafiti huanza tena. Aidha, dawa za kuamsha kinga huweza kuamsha zaidi ya ilivyokusudiwa, kinga ikayageukia matumbo, ini au hata mapafu yenyewe. Na wengi hawanufaiki nazo kabisa.

Sasa basi, habari hizi zikiletwa katika chumba cha daktari mjini Eldoret au Mombasa, ambapo mgonjwa hana Kiingereza cha kutosha, zitasemwaje? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, na inapowezekana amweleze kwa lugha anayoielewa. Kamati za maadili ya utafiti nazo huwataka watafiti watoe fomu ya ridhaa kwa lugha ya mshiriki. Sheria ipo. Maneno ndiyo yanayoyumba.

Lichukuliwe neno la kwanza kabisa, lile la kueleza kuwa ugonjwa umefika mbali. Mtafsiri mwenye pupa ataandika "saratani ya hali ya juu", asikumbuke kwamba katika Kiswahili kitu cha hali ya juu ni kitu bora: hoteli ya hali ya juu, elimu ya hali ya juu. Mwingine ataandika "saratani iliyokomaa", kana kwamba ni embe. Wa tatu ataandika "saratani ya mwisho", na hapo atakuwa ameshamzika mgonjwa. "Saratani iliyoenea" haina madoido, lakini inasema jambo lilivyo bila kulitukuza wala kuhukumu.

Tiba ya kuamsha kinga imepata balaa kubwa zaidi. Wapo wanaoiita "tiba ya kinga". Ukutani mwa zahanati nyingi pameandikwa kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na Mswahili amelelewa akijua kuwa maneno hayo mawili ni wapinzani: kinga ni chanjo, kinga ni chandarua, kinga huja kabla ya ugonjwa. Mgonjwa wa hatua ya nne akiambiwa atapewa tiba ya kinga, ana kila sababu ya kudhani kuwa anachanjwa asiambukizwe ugonjwa ambao tayari anao, au kuwa anafanyiwa mzaha. "Tiba ya kuamsha kinga ya mwili" ni ndefu, na wapenda istilahi fupi wataichukia, lakini haimpotezi mtu.

Hatari zaidi ni kile kidonge kisicho na dawa, kinachotumiwa kama kipimo cha kulinganishia. Tafsiri inayokuja haraka ulimini ni "dawa bandia". Nchini Kenya dawa bandia ni dawa ghushi, ile inayouzwa na matapeli na kuteketezwa na serikali. Fomu ya ridhaa ikisema kuwa mshiriki huenda akapewa dawa bandia, inamwambia kwa Kiswahili sanifu kuwa huenda akatapeliwa. Nani atakayetia sahihi? Na atakayetia bila kuuliza, je, ameridhia nini? Katika majaribio mengi ya saratani iliyoenea mgonjwa haachiwi kidonge kitupu peke yake. Hupewa tiba ya kawaida, na juu yake ama dawa mpya au hicho kisicho na dawa. Neno moja bovu linalifunika jambo hilo lote. "Kidonge kitupu" kingetosha.

Vivyo hivyo katika kugawa washiriki. Ili upendeleo usiingie, kompyuta huamua nani aende fungu gani, kwa bahati tu. Lugha ina neno la kale kabisa la tendo hili: kupiga kura. Lakini siku hizi kura ni ya uchaguzi, na mgonjwa anayeambiwa kuwa "atapigiwa kura" huenda akafikiri ipo kamati itakayopima kama anastahili kuishi. "Bahati nasibu" nayo inanuka kamari. Hapa jawabu si rahisi, na pengine maelezo ya sentensi tatu ni bora kuliko istilahi yoyote.

Kuna maneno mengine yanayogeuka maana mlangoni mwa hospitali. Mgonjwa aliyezoea mazungumzo ya UKIMWI husikia matokeo "chanya" kama msiba, ilhali mgonjwa wa mapafu ambaye kipimo chake cha EGFR ni chanya ana njia iliyo pana kuliko mwenzake. Akipigwa picha baada ya miezi mitatu na kuambiwa "hakuna mabadiliko", atarudi nyumbani amevunjika moyo, wakati daktari alikuwa anampa habari njema kwamba ugonjwa umetulia. Neno "sugu" nalo lina pande mbili zinazokinzana: ugonjwa sugu ni ule mtu anaoishi nao miaka mingi, na usugu ni hali ya ugonjwa kuikataa dawa. Matumaini yote ya utafiti huu ni kuigeuza saratani iliyoenea iwe sugu kwa maana ya kwanza kabla haijawa sugu kwa maana ya pili. Lugha yenye neno moja kwa tumaini na kwa kushindwa inahitaji kutunzwa kwa uangalifu.

Hata hesabu inahitaji mfasiri. Watafiti husema "miezi minane" wakimaanisha kuwa nusu ya wagonjwa walifariki kabla ya hapo na nusu nyingine baadaye, wengine baadaye sana. Kiswahili cha kila siku huliita jambo hilo wastani, na wastani husikika kama kipimo cha kila mmoja. Mwanasayansi wa Marekani Stephen Jay Gould aliambiwa mwaka wa 1982 kuwa ana aina nadra ya saratani ambayo nusu ya wagonjwa wake hufa katika miezi minane. Mwaka wa 1985 aliandika makala kueleza kwamba namba ya kati si hukumu ya mtu mmoja, akaendelea kuishi hadi mwaka wa 2002. Yeye alikuwa mtaalamu wa takwimu za viumbe na aliweza kujisomea. Mkulima wa Bungoma anategemea neno atakalochaguliwa na mwingine.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mapambo. Dawa zenyewe zina bei isiyofikika kwa Wakenya wengi. Vipimo vya jeni havipatikani kila kaunti. Wagonjwa wengi hutibiwa kifua kikuu kwa miezi kabla ya mtu kushuku saratani. Na Waafrika waishio barani wamekuwa wachache mno katika majaribio yaliyotajwa hapo juu. Istilahi itamnunulia nani dawa? Pingamizi hili lina ukweli na halifai kupuuzwa. Lakini mgonjwa asiyejua kuwa uvimbe una jeni hawezi kuuliza kama jeni zake zimepimwa. Jamaa wanaouza ng'ombe ili kununua kidonge hawana budi kuambiwa kwanza kama kidonge hicho ni cha mgonjwa wao au cha mgonjwa mwingine. Umaskini huzidisha haja ya maneno sahihi, kwani maskini hana fedha za kukosea.

Fauka ya hayo, upo ushahidi kwamba mazungumzo yenyewe yamo katika tiba. Mwaka wa 2010 madaktari wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na saratani ya mapafu iliyoenea. Wote walipewa tiba ya kawaida. Nusu yao, tangu mwanzo, walikutana pia na wahudumu wa tiba shufaa, ambao walishughulikia maumivu na wakazungumza nao kuhusu jinsi wanavyouelewa ugonjwa wao, wanavyokabiliana nao na maamuzi yaliyo mbele yao. Waliopata mazungumzo hayo walikuwa na hali bora ya maisha na sonona kidogo, na ni wachache zaidi waliomalizia siku zao katika tiba kali zisizosaidia. Namba ya kati ya kuishi ilikuwa miezi 11.6 kwao, dhidi ya 8.9 kwa wenzao. Miezi hiyo karibu mitatu ilipatikana bila dawa mpya hata moja. Zipo dawa zilizoidhinishwa kwa faida ndogo kuliko hiyo.

Je, wanafunzi wa Kiswahili wafanye nini? Kwanza, waache kuamini kuwa istilahi huzaliwa mezani. Historia ya tarakilishi na kompyuta inajulikana: moja ilikaa vitabuni, nyingine ikakaa midomoni. Kazi za awali zipo na ziheshimiwe; Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Lakini utafiti uliosimuliwa hapa karibu wote ni wa baada ya hapo, na hakuna kamusi ya mwaka wa 1990 ambayo ingeweza kuutabiri.

Pili, tasnifu. Kila mwaka idara za Kiswahili hupokea tasnifu lukuki kuhusu wahusika wa kike katika riwaya zile zile nne au tano. Mwanafunzi mmoja akipata kibali cha kamati ya maadili na kukaa miezi mitatu katika kliniki ya saratani, au katika kituo kama Nairobi Hospice ambacho kimekuwa kikiwahudumia wagonjwa tangu mwaka wa 1990, akasikiliza wauguzi wanavyosema, atarudi na hazina ambayo hakuna mhadhiri aliye nayo. Wauguzi hawakusubiri kamusi. Kila siku wanaeleza uvimbe uliohama, dawa iliyoacha kufanya kazi, picha isiyobadilika, kwa maneno waliyoyaokota kutoka kwa wagonjwa wenyewe na kuyajaribu juu yao. Maneno hayo yakusanywe, yapimwe kwa kuwauliza wagonjwa walichoelewa, na yaliyofaulu yapelekwe kwa watayarishaji wa fomu za ridhaa kabla fomu hazijachapishwa. Idara inaweza kuanza na maneno kumi tu. La kwanza liwe badala ya "dawa bandia".